Mdogo wangu anataka logo

Juzi usiku kuna mdogo wangu mmoja, tulikutana kwenye mafunzo ya usindikaji, kanitumia voisi ya dakika nne nzima WhatsApp. Ameanza kuuza unga wa lishe. Anasema dada shikamoo, naomba namba ya yule kaka aliyekutengenezea logo, maana mi nataka nijenge brandi kabisa ya kudumu sitaki ubabaishaji, na logo iwe inaweza kukaa hata kwenye sabuni na mafuta ya nazi maana huko mbele nitaingia na huko. Nikaisikiliza mara mbili. Nikaanza kumjibu, nikafuta, nikaanza tena, nikaona hapana, haya hayatoshi kwenye simu, acha niyaandike huku afu nimtumie linki, na kama kuna wengine wanahangaika kama yeye basi wasome tu.

Mi natengeneza siagi ya karanga. Mwaka wa 7 huu. Jina la bidhaa sitaji, hili sio tangazo, wanaonijua wananijua.

Na logo nilinunua, tena ndo kitu cha kwanza kabisa. Mtaji wangu wote ulikuwa laki nne, nikatoa 150,000 ya logo, karanga ina macho na inacheka, nikaiweka profaili, watu wakanipongeza weee hongera mkurugenzi. Wiki ya pili mama mmoja akarudisha kopo. Anasema imeoza, ina mafuta juu. Haikuoza! Siagi ya karanga tupu ikitulia mafuta yanapanda juu, unachukua kijiko unakoroga basi, ila yeye angejuaje, nani alimwambia? Nilikuwa na karanga inayocheka na sina maneno mawili tu kwenye lebo ya kusema "koroga kwanza". Nikamrudishia hela yake. Huyo mama sijamuona tena mpaka leo, na nina uhakika aliwaambia majirani.

Sasa mdogo wangu, kabla ya namba ya kaka wa logo, ngoja nikupeleke Tanga kidogo.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa anakaa Ngamiani, na mi likizo zangu zote za shule ya msingi zimeishia kule. Bibi alikuwa mtu wa leso, yani kanga. Kununua leso na bibi ilikuwa ni safari, unatoka asubuhi unarudi jua limepinda. Muuza duka anamwaga doti kumi mezani, bibi anazipitia moja moja, anasoma jina kwanza, kama unavojua kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, yale maneno yake. Anacheka, anasema hili la fulani huyo lingemfaa. Akishalipenda jina ndo anafanya kile kitu ambacho mi nilikuwa sikielewi, anaivuta kanga anatafuta yale maandishi madogo ya pembeni. K.H.E., Mali ya Abdulla. Yakiwepo, anaanza kubishana bei. Yasipokuwepo anaikunja taratibu anairudisha, hata kama jina amelipenda mpaka basi. "Hii si ya Abdulla, itachuja."

Bibi kusoma alikuwa anasoma kwa shida lakini hizo herufi tatu alikuwa hazikosei.

Nimekuja kujua ukubwani kuwa K.H.E. ni Kaderdina Hajee Essak, ndo huyo Abdulla mwenyewe, wafanyabiashara wa Mombasa, duka lao liko Biashara Street, na wameanza 1887. 1887 jamani! Bibi hakuwahi kufika Mombasa maisha yake yote.  Lakini bibi anamtaja Abdulla kama mtu wa mtaa wa pili, Abdulla hawezi kufanya hivi, Abdulla hii hawezi kuitoa. Yani anamtetea mtu ambaye hajawahi kumuona.

Hapo ndo mi huwa nawaza kila nikikaa na biashara yangu. Kanga ina majina mawili kumbe. Kuna jina lile kubwa la katikati, hilo linabadilika kila mzigo, mwaka huu watu wanasemana hivi mwakani wanasemana vile, maua yanabadilika, rangi zinabadilika, hilo ndo la kuvutia macho. Na kuna jina la pembeni, dogo, hata halisomeki ukiwa umesimama mbali, hilo halibadiliki. Mdogo wangu unachoniomba wewe ni la katikati. Ni sawa, lina kazi yake, ila ukinisemesha habari ya muda mrefu mi nakuuliza la pembeni liko wapi.

Na la pembeni ni la kusajili pia, kabla sijasahau, maana hapa niliumia. Nilienda BRELA, wale wa kusajili biashara, nikasajili jina la biashara, nikapata cheti, nikakiweka kwenye fremu, nikajua nimemaliza. Kumbe jina la biashara na alama ya biashara ni vitu viwili tofauti. Cheti cha jina kinasema wewe unafanya biashara kwa jina hilo, lakini cha kumzuia mwenzio asibandike jina hilohilo kwenye kopo lake ni alama. Mi nililijua hilo siku nimetumiwa picha na mteja wa Mwanza, "dada mmefika na huku?" Hatukufika. Kopo lilikuwa karibu pacha na langu, herufi moja tu imebadilishwa. Alama ukisajili kwa mara ya kwanza ni miaka 7, afu unahuisha kwa miaka 10 kila mara. Na usajili wa bara hauvuki maji, Zanzibar wana ofisi yao BPRA, ukitaka kuuza Unguja na Pemba kwa amani ukasajili na kule. TBS, wale wa viwango, nako usiogope, nenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, wakupe barua, wajasiriamali wadogo wana utaratibu wao. Na supamaketi watakudai barkodi, za kwetu zinaanza na 620. Basi hayo ya makaratasi yameisha, mengine nenda dirishani uulize.

Twende kwenye shida yenyewe, karanga.

Siagi ya karanga haina siri. Karanga, chumvi kidogo, mashine. Mtu yeyote akinunua mashine kesho anaweza kuwa mshindani wangu. Tofauti iko kwenye kuchambua. Karanga isipokaushwa vizuri au ikakaa kwenye stoo yenye unyevu inaota ukungu, na ule ukungu unaacha sumukuvu, na sumukuvu haionekani kwa macho wala haina ladha ya kukushtua, na mbaya zaidi kukaanga hakuimalizi, unapunguza tu. Kiwango cha Afrika Mashariki ni jumla ya mikrogramu 10 kwa kilo, kitu kidogo sana hicho. Kwa hiyo kinachokusaidia ni kununua karanga kavu na kukaa chini na ungo kutoa moja moja, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika, zenye alama nyeusi. Gunia moja watu wawili linakula nusu siku na zaidi. Na zile unazotoa ni hela, unaiona hela yako kwenye ndoo ya takataka.

Watu wanadhani ni mambo ya wataalamu. 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu. Kenya 2019 KEBS, shirika lao la viwango, walisimamisha chapa 5 za unga wa mahindi kwa siku moja, na haikupita muda wakaja kwenye siagi za karanga. Hizo zilikuwa chapa zenye nembo nzuri kuliko yangu, zina magari, zina matangazo ya redio.

Sasa mwaka wangu wa tatu akaja mzee mmoja ana maduka Kariakoo na mikoani. Anataka makopo 2,000 kwa mwezi. Wakati huo mi natoa 300 nikijitahidi sana. Nikamkaribisha soda, mikono inatetemeka. Akasema mwanangu bei yako ishushe, na kushusha ni rahisi, weka mafuta ya alizeti, weka sukari ya kutosha, karanga usichambue sana, ukishasaga nani ataona? Alisema kwa upole kabisa, kama baba anayekusaidia. Na hakuwa mtu mbaya jamani, ndo anavofanya biashara, na ana nyumba nne.

Nililala siku mbili napiga hesabu. Mume wangu akasema kubali, utarekebisha baadae ukishapata mtaji. Mama yangu akasema kubali. Nikakataa. Na nisijifanye mtakatifu hapa, sikukataa kwa ajili ya maadili, nilikataa kwa woga. Nilikuwa naijua orodha ya wateja wangu, zaidi ya nusu ni wamama wenye watoto wanaoanza kula, wanachanganya kijiko kimoja kwenye uji. Nikawaza mmoja tu akipata shida, mmoja, sina pa kujificha, namba yangu iko kwenye kopo. Mzee akaenda kwa mtu mwingine, na mi nikabaki na makopo yangu 300 na mume aliyenuna.

Kwenye zile semina za hotelini, elfu hamsini na chai na sambusa mbili, wanapenda kutuambia kiongozi wa biashara ni mtu wa maono. Sawa. Mi maono ninayo, nikilala tu nayaona. Ila kazi ambayo imenila miaka hii yote ni kusema hapana kwa kitu ambacho ni hela halali, na kukisema mbele ya watu wa nyumbani kwako ambao wanajua kodi ya nyumba haijalipwa.

Na hapo ndo naingia kwenye sabuni yako mdogo wangu. Najua utaniambia mbona Azam. Kila mtu ananiambia mbona Azam, Azam ana ngano, ana juisi, ana aiskrimu, ana boti za Unguja, ana televisheni, ana timu na uwanja wake Chamazi, jina moja. Ndio. Lakini mzee Bakhresa mwenye Azam anasimuliwa aliacha shule na miaka 14 akawa anauza mix ya viazi, na wengi wetu hilo jina tulikutana nalo kwenye kiroba cha ngano na kwenye baiskeli ya aiskrimu inayopiga muziki mtaani miaka mingi kabla hatujaona kisimbuzi, Azam TV imekuja 2013 tu. Mtu alikuwa ameshakula andazi la ngano ile utoto mzima. Sa wewe unga wa lishe una miezi mitano unataka ukae na sabuni kwenye nembo moja, mteja akiona jina lako anasikia harufu gani, ya uji au ya magadi? Mi hapa nina ushauri mkali kidogo, toa kitu kimoja mpaka watu wakichoke wewe hujakichoka.

Kuna kingine ambacho wanaotaka logo hawakifikirii, ni kwamba jina lako halikai kwa wateja peke yao, linakaa pia kwa wanaokuuzia. Mnaikumbuka Nakumatt, zile supamaketi za Kenya? Walipoingia Dar 2014 kuchukua maduka ya Shoprite mi nilikuwa naenda pale Mlimani City kuangalia tu, napita kwenye rafu za vyakula nawaza siku moja na mimi nitakaa hapa. Yule tembo wao kila mtu alikuwa anamjua. Jina lenyewe limetoka kwenye Nakuru na magodoro, biashara ya familia, wakapanda mpaka maduka zaidi ya 60 kwenye nchi 4. Afu rafu zikaanza kuwa tupu. Wasambazaji hawajalipwa, wakaacha kuleta, ukiingia unakuta rafu nzima imejazwa maji ya chupa ili isionekane wazi, na mwanzoni mwa 2020 ikafungwa kabisa. Tembo alikuwa bado mzuri vilevile hadi siku ya mwisho, nembo haikuwa na tatizo lolote. Ila yule anayeleta maziwa asubuhi alikuwa ameshaacha kuliamini jina kitambo kabla ya mama anayenunua maziwa.

Mi tangu hapo mtu wangu wa karanga wa Dodoma namlipa mzigo unaposhuka. Sio kesho. Nakopa kwa VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, namlipa. Wenzangu wananiona mjinga, wao wanalipa baada ya mwezi na wanazungusha hela. Lakini karanga zikiwa chache yule baba ananipigia mimi kwanza, na akiwa hana karanga nzuri ananiambia mama mwezi huu sina, usinunue kwangu. Hiyo simu ya "usinunue kwangu" haina bei.

Na ndo ilivotokea miaka miwili iliyopita, mwezi wa 6, akaniambia hana. Nikatafuta mtu mwingine, mgeni, akaahidi kuleta gunia sita. Kabla hazijafika nikapigiwa simu Tanga, bibi amefariki. Huyohuyo bibi wa Abdulla. Nikaondoka usiku na basi, kiwanda (naita kiwanda, ni vyumba viwili na baraza) nikamwachia binti anayekaanga, jina lake silitaji ataniua. Ana miaka 23, kaishia kidato cha pili, nilimpata kwa jirani anafua nguo. Na oda ilikuwa kubwa, makopo 240 ya supamaketi moja, ndo mara yao ya kwanza kuchukua kwangu, siku ya kupeleka ni Ijumaa.

Nimekaa msibani siku nne. Simu nimezima muda mwingi. Narudi Jumamosi nakuta meza tupu. Tupu kabisa. Gunia nne hazipo, mbili zimefunguliwa ziko uani, na kwenye pipa kuna siagi, imeshasagwa, kama kilo 40, imemwagwa na imechanganywa na majivu.

Nikauliza kwa sauti ambayo sijivunii. Akanielezea. Gunia zilikuja na unyevu kwa chini, mleta mzigo akasema ni mvua ya njiani zitakauka, yeye akafungua mbili akachambua akaona zinazotolewa ni nyingi kuliko zinazobaki, akajipa moyo akakaanga na kusaga kiasi, akaionja, akasema ina uchungu wa mbali. Akarudisha gunia nne, yule mtu akamtukana mbele ya majirani. Akapiga simu supamaketi mwenyewe akawaambia hatuleti. Afu akamwaga, na majivu akatia makusudi ili watoto wa jirani wasije kuokota na mtu asije kumshauri aichukue akauze kwa bei ya chini.

"Kwanini hukunipigia?"

"Dada ulikuwa kwenye msiba. Na ungeniambiaje? Si wewe ndo ulinifundisha."

Nikakaa kwenye ndoo. Nikajua natakiwa kumshukuru na mdomo hautoki. Kwa sababu ukweli, na hili sijawahi kulisema mbele za watu, sina uhakika kama ningekuwepo ningemwaga. Nilikuwa na marejesho ya mkopo tarehe 5. Nilikuwa nimeshatumia advansi ya ile oda kwenye lebo mpya. Ningeonja, ningesema mbona uchungu wenyewe mdogo, ningechanganya na mzigo wa zamani uliobaki. Inawezekana kabisa. Miaka ile yote nilikuwa najua kuwa jina langu linalindwa na mimi, kumbe siku hiyo lililindwa kwa sababu mimi sikuwepo.

Ndo nikamwelewa Abdulla wa bibi. Miaka mia na zaidi, hakuna mtu mmoja anaweza kuilinda leso kwa macho yake muda huo wote. Lazima kuna vijana kibao kwenye mabohari ambao hatutawajua, wameishika doti wakaiona ina walakini wakaitupa pembeni bila kumuuliza mtu, na mwenye duka akarudi akakuta pengo kwenye rafu akafoka kama mimi.

Supamaketi walinitoa. Nafasi yangu wakampa mwingine na sikuwalaumu, wao wana rafu ya kujaza. Nilirudi pale baada ya miezi mitano, makopo 60 tu ya kuanzia, kwa kubembeleza sana. Mkopo nililipa kwa kuuza friji la chumbani. Zile lebo mpya nilizichapa na neno moja limekosewa ila hiyo nitaisimulia siku nyingine.

Kwa hiyo mdogo wangu, namba ya kaka wa logo nakutumia, anafanya kazi nzuri na sasa hivi amepandisha, ni 300,000. Lakini kabla ya kumpigia niambie nani anachambua mahindi na soya zako, na huyo mtu akikuta vibovu wewe ukiwa safarini anajua afanye nini, au anakusubiri.

Yule binti wangu naye kaja juzi anataka nyongeza, anasema kazi anayofanya sio ya kukaanga tu. Kaomba 100,000 juu. Nikamwambia 60,000. Kanijibu basi ile siku ya majivu ningekupigia simu uamue mwenyewe. Bado tunabishana.